Waliosimama Nje ya Lango

Kitabu kilichomchosha Iris Gilliland kuliko vyote alivyowahi kuuza kilikuwa na bastola na msalaba kwenye jalada. Ilikuwa riwaya ya siasa na ujasusi: mawaziri wa London, watoa habari, Wakatoliki na Waprotestanti wakiuana katika mji mdogo wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, uliofanana mno na huu wao wa Drumaveigh. Mwandishi hakuna aliyemfahamu, kwa hiyo kila msomaji alianza na kazi ileile ya kukisia ni wa upande gani.

Iris aliuza vitabu vilivyotumika kwenye soko la Jumamosi, chini ya paa la bati. Alianza na maboksi ya riwaya za mapenzi yaliyotupwa na hoteli, na sasa rafu zake zilifunika ukuta mzima. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: ukirudisha kitabu ulichomaliza, unapunguziwa kinachofuata. Ndiyo maana maoni ya wasomaji wote yalimwishia yeye, na yeye hakuwa na pa kuyapeleka.

"Iris, huyu mtu ni wenu, Mprotestanti," alisema Fergal Quinn, fundi bomba Mkatoliki, akikibwaga kitabu mezani. "Askari wake wote malaika. Hata wakikupiga, wanakupiga kwa adabu."

"Umekimaliza?"

"Mpaka macho yakauma."

"Basi hakikuwa kibaya. Chagua kingine."

Fergal hajafika mlangoni, akaingia Mervyn Orr, mzee wa kanisa la Presbiteri, ameishika nakala yake kwa ncha za vidole.

"Huyu ni Mkatoliki, mama. Ajifiche anavyotaka. Mapadri wake wana huruma, wachungaji wake wote wana jicho baya."

"Na wewe umekimaliza, mzee?"

"Nilitaka kuona uongo wake unaishia wapi."

Wakati huo nakala ya Fergal ilishanunuliwa na bibi mmoja aliyesikia kwamba inautukana upande wake. Matusi yalikuwa yakiuza kuliko sifa, hilo Iris alilijua zamani. Siku nyingine lingemfurahisha. Siku hiyo alitaka kukaa tu.

Magoti yalikuwa yamekwisha, na meza alikuwa anaiuza. Waliokuwa wakiitaka ni wawili. Mmoja ni Sammy Purdy, muuza chipsi wa jirani, aliyehitaji nafasi ya jiko la pili na ambaye vitabu angevitupa. Mwingine ni Dympna Loughran, Mkatoliki, aliyemsaidia Iris kila Jumamosi kwa miaka mingi na kuijua kila rafu. Soko zima lilijua meza ni ya Dympna. Iris ndiye aliyekuwa hajatamka, na jioni hiyo Sammy angekuja kuchukua jibu.

Kilichomzuia ni Uel, mdogo wake. Uel alikuwa akisambaza mikate, na jioni nyingine akivaa sare ya askari wa akiba wa Uingereza. Enzi za vurugu wapiganaji wa upande wa Wakatoliki walifunga bomu chini ya gari lake, likamuua. Wakati ule Iris na Dympna walikuwa marafiki, wakishona mashati katika kiwanda kimoja. Siku ya mazishi wanaume walilibeba jeneza kwa zamu hadi makaburini, na wanawake wakabaki nyumbani kukata mikate na kuchemsha chai, kama ilivyokuwa desturi. Iris alikata mkate macho yakiwa mlangoni. Dympna hakuja. Kazini Dympna alimpa pole, Iris akajibu asante, na habari ikafungwa hapo. Drumaveigh watu hawaulizani.

Mchana mvua ilianza kupiga bati na wateja wakapungua. Dympna alikuwa nyuma ya meza, kakifungua kitabu kile katikati.

"Huyu hajui kitu," alisema.

"Na wewe unamweka upande gani?"

"Upande wa wasiojua. Sikiliza, shoga. Waprotestanti wanamzika mtu wao. Wakatoliki wamesimama barabarani, nje ya lango. Mpelelezi anasema hao wamekuja kuhakikisha maiti imeingia shimoni, kwa hiyo wakamatwe wote."

"Si kweli mlikuwa mnasimama nje?"

"Padri alitukataza kuingia kwenye ibada zenu, tungesimama wapi? Na wanaume wenu, chama chao cha Orange kiliwakataza kuingia kwenye Misa. Tulipomzika mama, baba yako alisimama nje mpaka tukamaliza, kofia mkononi, mvua inamwagika. Ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Kama mimi kwa Uel."

Iris aliacha kupanga.

"Kwa Uel ulisimama wapi?"

"Langoni, makaburini. Mwanamke peke yangu kati ya wanaume wote wale. Baba yako aliniona, akanigusia kofia."

"Mimi nilikuwa nyumbani. Nilikungoja mlangoni."

"Nyumba iliyojaa wenzake wa jeshi? Ningerudi mtaani kwetu nikaulizwa nimetoka wapi, ningejibu nini? Lango niliweza. Nyumba sikuweza." Dympna alikifunga kitabu. "Nilidhani mzee alikuambia."

"Baba hakuwahi kuitaja siku ile. Amekufa bila kuitaja."

"Kwa hiyo wewe, muda wote huu..."

"Panga hivyo vya mapishi, Dympna. Vimechanganyika."

Dympna akavipanga. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyemkumbatia mwenzake.

Soko lilipokuwa likifungwa Sammy alikuja, anajifuta mafuta mikononi.

"Haya mama, tumefikia wapi?"

"Anachukua Dympna."

"Ofa yangu ilikuwa nzuri."

"Nzuri sana. Ndiyo hiyo hiyo atakayoilipa yeye."

"Mimi?" Dympna aligeuka. "Bei ya muuza chipsi? Acha dhihaka. Nusu ya hizi rafu nilizipigilia misumari mwenyewe."

"Misumari ilikuwa yangu."

Sammy alicheka, akaondoka. Iris alikaa juu ya boksi na kunyoosha magoti. Kinyongo hakikumtoka. Kilihama tu, kikamwendea baba yake, na baba yake hangeweza tena kuulizwa kitu.

"Sema basi," alimwambia Dympna. "Unaanzia ngapi?"

Dympna alitaja bei ndogo ya aibu. Iris akatikisa kichwa, na wakaanza.