Kisomo Kilichokatika Mteremkoni

Kupandisha lori mlimani mtu yeyote anaweza. Injini inafanya kazi, wewe umeshika usukani na sigara yako mdomoni. Kuteremka ndiko kunakomtambulisha dereva, na nasema hivi nikijua kwamba wapo wakwe zangu ambao mpaka leo hawapendi kunisikia nikilizungumza jambo hili.

Nilizaliwa Mahajanga, bandari ya nchi ya Wamalagasi, katika nyumba ya Wakomoro, na lori nilijifunzia kwenye barabara ya kwenda mji mkuu, siku zile uhuru ulipokuwa bado mpya na watu wakiitazama bendera kila wanapopita mbele ya ofisi. Tulipandisha saruji na chumvi, tukateremka na mchele. Dereva mkubwa aliyenifundisha alikuwa mkali kuliko mwalimu wa chuo cha Kurani. Kabla kilima hakijaanza kushuka, aliniambia, simamisha lori, tia gia ile ile ambayo ungeipandia, kisha iache injini ikushike. Breki iguse, iachie ipoe, iguse tena. Ukiikanyaga mfululizo, chuma cha ndani ya gurudumu kinapata moto na bitana za breki zinaungua, na utafika mahali unakanyaga kwa nguvu zako zote na lori halina habari nawe.

Nilimtii kwa sababu nilimwogopa. Kuelewa kulikuja siku tuliyokuwa nyuma ya lori jingine la mchele, tukishuka kuelekea mto Betsiboka. Dereva wake nilikunywa naye chai asubuhi ile ile, mtu wa maneno mengi na vicheko. Alikuwa na mtindo wa madereva wengi wa wakati ule: akifika kileleni anatoa gia na kuweka frii, lori linajiendea kwa uzito wake huku mafuta yakibaki kwenye tangi. Kwanza tulisikia harufu ya kitambaa kinachoungua chini ya pasi. Halafu tukaona moshi kwenye magurudumu ya nyuma. Gia ikishatoka kwenye lori zito linalokimbia, hairudi. Tukamsikia akiijaribu, chuma kikisaga chuma, kona baada ya kona, mpaka kimya. Tulimkuta bondeni chini ya magunia. Nililia barabarani bila haya, na tangu hapo sijateremka kwa frii hata kilima cha watoto kuchezea.

Baadaye nilioa kisiwani Nosy Be, nikahamia huko. Baba mkwe alikuwa msimamizi wa mitungi ya kuchemshia maua ya mlangilangi yatoe mafuta ya manukato kwenye shamba moja la Mfaransa, juu katikati ya kisiwa, na kwa ajili yake nilipewa kazi ya kuendesha lori la shamba. Alikuwa mpole, mwenye nguo zinazonukia maua hata Ijumaa baada ya kuoga. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa makuti. Jioni aliniita tu kwa kukohoa, nami nilikwenda, tukakaa, mara nyingi bila la kusema.

Watu wake walikuwa na desturi moja waliyoishika sana. Maiti akitoka nyumbani, wanaume wanamsomea tahlili kwa sauti moja mpaka kaburini, na sauti hiyo haikatiki njiani. Zamani walimbeba mabegani kutoka shambani hadi Marodoka, walikozikwa wazee wao, wakipokezana. Gari lilipokuja shambani, jeneza likapandishwa garini, na wasomaji wakalizunguka. Dereva aliyenitangulia, mzee aliyekwisha rudi kwao Ngazija, alizima injini kila alipofika juu ya mteremko mkubwa, gari likashuka kimya na kisomo kikasikika bonde zima. Watu walipenda sana jambo hilo. Ilikuwa kama vile mauti yenyewe yamepewa heshima, na mambo ya namna hiyo yakishapendwa huwa sunna, asiyeyafanya anaonekana hana adabu. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari la mzee yule lilikuwa dogo, na waliopanda walikuwa wachache.

Baba mkwe alifariki majira ya mvua, baada ya homa ya siku chache. Kufika adhuhuri ua ulikuwa umejaa. Tulimwosha, tukamkafini, tukamsalia. Mjomba wa mke wangu, kaka yake mama mkwe, ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli, kwa kuwa katika nyumba zile neno la mjomba ndilo la mwisho. Akaamuru watu wapande. Wakapanda wengi kupita kiasi, wamebanana wima kulizunguka jeneza, na wa mbele kabisa, mikono juu ya jeneza la baba yao, walikuwa mashemeji zangu watatu.

Nikamvuta mjomba pembeni. Yeye nami tulizungumza Kikomoro, kwa sababu Kimalagasi changu cha Mahajanga kilimchekesha na siku ile haikuwa ya kucheka. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mteremkoni nitatumia gia ya kwanza, injini itanguruma, wasomaji wasishtuke. Akanitazama kana kwamba nimeomba kupiga ngoma. Akasema aliyenitangulia aliwashusha wazee wao kwa kisomo, na kilima hiki si vilima vyangu vya bara. Nikasema basi tukifika pale tumbebe mabegani. Akanionyesha njia kwa kidole: udongo mwekundu uliolowa, unaoteleza kama sabuni. Nani alitaka jeneza lianguke? Nikaenda kufungua mlango wa dereva. Mjomba akadhani nimekubali, akapanda nyuma.

Tulikwenda vizuri mpaka juu ya mteremko. Nilikuwa nikiwasikia vizuri, La ilaha illallah ikipanda na kushuka kwa pamoja, na mimi midomo yangu ikiwafuata. Moyo ulikuwa umenijaa. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia. Nikasimamisha lori, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Injini ikanguruma. Wasiowahi kuisikia kelele ile hawajui. Lori zee lenye mzigo, likizuiwa na gia ya kwanza, linapiga ukelele unaoingia mpaka kwenye meno. Wasomaji wakapaza sauti. Nikawasikia wakipambana nayo, kisha wa mbele wakatangulia na wa nyuma wakachelewa, sauti ikagawanyika mara mbili, mara tatu, na mwishoni ikabaki ya mtu mmoja tu, mzee, akisoma peke yake. Naye akanyamaza.

Hapo wakaanza kugonga bati juu ya kichwa changu. Kwanza kiganja, halafu ngumi. Mjomba akainama mpaka dirishani, kilemba kimemlegea, macho mekundu.

"Toa gia," akasema. "Unamzika mkweo kama gunia."

Mbele yangu, chini kabisa, njia ilikata kona na kuingia kwenye daraja la mbao. Nilikuwa naliona. Mguu wangu ulikuwa ukiigusa breki na kuiachia, ukiigusa na kuiachia. Nilitaka kuitoa gia. Naapa nilitaka, kwa sababu hakuna aibu nzito kama kugombezwa mbele ya maiti uliyemwosha kwa mikono yako. Nikashika usukani kwa mikono yote miwili ili mkono wa kulia, ulio upande wa gia, usipate nafasi, nikamwambia mjomba arudi ndani asije akaanguka. Tukashuka hivyo, polepole, kwa kelele, mpaka darajani na ng'ambo ya daraja.

Kwenye tambarare wakaanza kisomo upya, lakini kwa sauti zisizolingana, na shemeji yangu mdogo alikuwa akilia kwa hasira. Tulipofika Marodoka waliliteremsha jeneza bila kuniachia nafasi ya kutia bega. Nilibaki nyuma kidogo, nikaweka kiganja kwenye gurudumu. Lilikuwa vuguvugu. Niliuacha mkono pale muda mrefu, kisha nikawafuata makaburini.

Watu wananiuliza kama breki zingekataa kweli. Sijui. Kilima kile si kirefu kama vya bara, mjomba hakusema uongo. Huenda lori lingeshuka kimya, kisomo kikasikika bonde zima, na baba mkwe akaenda kama walivyokwenda wazee wake. Lori lisilopinduka haliachi ushahidi wowote. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma bado: mimi nilijua nimezuia nini, na wao walijua nimeharibu nini, na chao ndicho kilichosikika.

Siku ya tatu, siku ya khitma, ua ulijaa tena. Wanaume walikaa kwenye mikeka upande wa mbele, nami nikasogea jikoni, nyuma, kumsaidia mke wangu kumimina kahawa, kwa sababu nilipowapelekea kwanza hakuna aliyepokea kwangu, birika lilirudi limejaa. Yeye alikuwa hajasema nami tangu mazishi ila ya lazima. Alikuwa amevimba macho. Akaniuliza bila kunitazama kama ni kweli kisomo cha baba yake kilikatika.

Nikasema ni kweli.

"Ungeweza kunidanganya," akasema.

Nikamwambia nisingeweza, kwa kuwa nduguze wote walikuwapo na wangemwambia. Akatikisa kichwa. Akapanga vikombe kwenye sinia, akavipanga tena.

"Ningekuwa nyuma ya lori," akasema, "ningekugongea bati mimi mwenyewe."

"Najua."

"Na usingenisikiliza."

Nikasema nisingemsikiliza. Alinitazama, na sikuona msamaha usoni mwake wala sikuutarajia. Alikuwa akimlilia baba yake, na mimi ndiye niliyemfunika kwa kelele. Kisha akainyanyua sinia, akaniambia nimfungulie mlango wa uani. Niliufungua, nikasimama hapo wakati akipita kwenda mbele kuwahudumia watu. Hakusema neno la kunitetea, nami sikumtaka aseme. Mashemeji zangu watatu walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye mkeka. Wakapokea kahawa, wakainua macho wakaniona mlangoni, wakageuza nyuso zao kwa pamoja, wazima wote watatu, wamenikasirikia.