Ugali wa mbegu mpya na saumu yangu

Jamani, leo saumu yangu imeniponza.

Mnajua mimi ni bibi shamba huku Chamwino. Msimu mzima nawaambia wanakijiji kwamba mahindi ya shamba darasa si GMO, ni chotara tu, yanavumilia ukame. Wapi! Wanasema yanaua uzazi.

Nimechoka kubishana. Leo nikasema tusonge ugali wa mahindi hayohayo, watu waule, yaishe.

Ugali ukaiva, mlenda ukatengwa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote wananitazama mimi.

Nilisahau kabisa. Huku mwenye chakula ndiye anayeonja kwanza, wageni waone hakina kitu. Na mwenye chakula ni mimi.

"Wazee wangu, mimi nimefunga."

Weee! Walivyoangaliana sasa!

Mama mmoja akanifungia bonge la ugali kwenye mfuko. "Ufuturu nao, mwanangu. Kesho tukikuona mzima, tutapanda."

Haya, niko nyumbani, hoi. Chekeni tu, ruksa. Adhana imetoka, ugali uko mezani. Mume wangu, aliyenisikiliza nikizisifia mbegu hizi msimu mzima, kausogeza upande wangu.

"Anza wewe."