Maji ya Nyumba Nzima

Leo, kwenye karakana ya seremala hapa Ganshoren, harufu ya mbao zilizolowa imenirudisha katika kijiji kimoja cha Japani tulikolala utotoni mwangu, kwa bibi mmoja mkulima. Kwa kuwa tulikuwa wageni, alitaka tuoge wa kwanza katika beseni lake kubwa la mbao. Maman, mama yangu, akaingia nami, akanisugua kwa sabuni mpaka maji yakawa meupe kama uji.

"Koga muzuri, mutoto, basiseme tuko bachafu."

Tulipotoka, tukamkuta bibi na wajukuu zake wanangoja na taulo. Maji yale yalikuwa ya nyumba nzima, kila mtu aoge humo humo kwa zamu. Sabuni wao huimalizia nje ya beseni, kabla ya kuingia. Bibi akatabasamu, akayamwaga yote, akaenda kupasua kuni upya za kupasha maji mengine.

Maman akanifuta povu masikioni, taratibu, huku tukisikiliza shoka.