Mwanamke Niliyemrudisha Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikuomba hata sala moja. Nilikabidhiwa kalamu, ubao wa kuandikia na rundo la karatasi, nikaambiwa niketi kwenye benchi la nyuma la kanisa letu hapa Bagamoyo mjini na kuwasikiliza watu. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia na moto wangu wote, koo tayari kwa kukemea mapepo. Mchungaji Kiongozi, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alinitazama akacheka.

"Mwinjilisti, daktari anachoma sindano kabla ya kupima?"

"Hapana, Mchungaji."

"Basi na wewe usiombe kabla hujauliza."

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye huduma ya maombezi leo, mnaomba kwa vipaza sauti na watu wanaanguka kabla hamjawajua majina. Sisi tulianza na fomu ya ukoo. Mtu akija na shida isiyokwisha, ndoa zinavunjika, watoto hawakai, kazi hazidumu, tulimhoji kuanzia babu na bibi wa pande zote mbili. Nani alikuwa mganga? Nani aliapa nini? Nani alimtamkia nani neno baya? Tulikuwa tunatafuta tulichokiita mlango, yaani mahali laana ilipoingilia. Mlango ukipatikana, mwenye shida alifunga siku tatu, akakana kwa kinywa chake kila agano la ukoo, nasi tukamwombea. Hapo ndipo tuliposema amefunguliwa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu kutoa ushuhuda.

Sitawaambia kwamba yote yalikuwa bure. Niliwaona watu wakiinuka kutoka kwenye mkeka wa maombi wakiwa wepesi, wamelia machozi waliyoyabeba tangu utoto. Niliamini, na bado naamini, kwamba Kristo alichukua laana zetu msalabani. Shida yangu haikuwa kwake.

Baada ya Bagamoyo nilihamishiwa Vigwaza. Huko nilikuwa chini ya Mratibu wa Maombezi, mpenda shuhuda kuliko alivyopenda chakula. Kila Jumatatu aliuliza, "Nani anasimama Jumapili?" Nakumbuka bwana mmoja aliyedai ami yake alimlaani asifanikiwe shambani. Nilimhoji asubuhi nzima. Mwishoni nikamuuliza analima saa ngapi. Akanijibu kwamba jua likiwa kali halimpendi, na asubuhi kuna baridi. Nikamwambia ajaribu jembe kwanza, laana tutaiangalia msimu ujao. Mratibu hakufurahi, lakini yule bwana alivuna.

Basi nikajiona najua. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wanasema, lakini mimi nilidhani sitarejea popote. Nilipopelekwa Zinga kufungua kituo kipya cha maombezi, nilikwenda kichwa juu.

Ni huko Zinga alikonijia Anjela. Alikuwa binti wa hapo hapo, wa familia ya Kiislamu, jina lake la kwanza Mwajuma. Aliolewa na kijana wa bara, fundi umeme, akabatizwa. Mimba nne zilikuwa zimetoka. Hospitali alikwenda mara nyingi na hawakuona kitu. Nilipofika kwenye swali la maneno mabaya, aliinamisha kichwa.

"Mama alisema siku ninaondoka," akaniambia. "Alisema, 'Umeniacha kama sijakuzaa. Na wewe usije ukaitwa mama, uonje.'"

Niliweka kalamu chini. Mlango ulikuwa umepatikana, na kwa aibu yangu nawaambia kwamba nilifurahi. Nilimpigia simu Mratibu siku ile ile. Yeye akaharakisha mambo: Anjela atoe ushuhuda wa kwanza Jumapili ile, kabla hata ya mfungo, ili kanisa zima limwombee. Anjela alisita. Nikamsukuma. Akasimama, akalisema neno la mama yake kwenye kipaza sauti, na vipaza sauti vyetu vilikuwa vinatazama barabarani. Hadi adhuhuri Zinga nzima ilikuwa inajua kwamba mama huyo, Bi Mwanahamisi, amekula matumbo ya mwanawe. Watu waliacha kununua vitumbua vyake.

Mimi ni mtoto wa mwalimu aliyetoka bara. Nilikulia pwani lakini nyumba yetu ilijitenga na mambo ya wenyeji. Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba watu wa hapa wana njia yao kwa mzazi aliyetamka neno kwa hasira. Mzazi huyo huyo huchukua maji kinywani, akampulizia mwanawe kifuani, akasema kwamba amemwachia radhi zake. Hakuna mwingine awezaye kumfanyia. Kinywa kilichofunga ndicho kinachofungua.

Anjela alianza mfungo Jumanne. Siku ya tatu, alasiri haijafika, nikasikia hodi. Nilitoka, nikamkuta mwanamke mwembamba, amejifunga kanga vizuri, ameshika bakuli la maji lililofunikwa kwa kawa. Nilimjua kabla hajasema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa Mwajuma yumo humu."

"Yumo kwenye maombi."

"Nimekuja kumwachia radhi zake. Neno lilitoka kwa kinywa hiki, nilikuwa na uchungu. Nataka niliondoe, mtoto akae sawa."

Nilitazama bakuli. Kwenye utaratibu wetu kulikuwa na kanuni mbili: aliyetamka laana asimkaribie aliyefungwa nayo siku za mfungo, na chochote kinachonuka mila kisivuke kizingiti. Yule mama alizivunja zote mbili kwa mkono mmoja.

"Bibi, hayo ni matambiko. Humu tunaomba kwa damu ya Yesu."

"Sikuja kugombana na Yesu wenu," akasema. "Nimekuja kwa mwanangu. Kama maji hamyataki nitayaacha hapa nje. Niacheni niseme naye tu."

Hapo, vijana, hapo ndipo ningeweza kumpisha. Maji aliyaweka chini mwenyewe. Sikuwa na sababu iliyobaki. Lakini nilikuwa nimeshamwita yule mama mlango wa laana kwenye karatasi, nimeitia sahihi, na sikujua kumwona kwa namna nyingine. Nikamwambia arudi Jumapili, baada ya Anjela kufunguliwa. Akakaa barazani. Adhana ya alasiri ikapita. Halafu akayamwaga maji yale taratibu kwenye mchanga, akachukua bakuli lake, akaenda. Anjela alikuwa amelala ndani kwenye mkeka. Sikumwambia.

Jumapili Bi Mwanahamisi hakuja. Presha ilimpanda Jumamosi akiwa jikoni, na alipofikishwa hospitali alikuwa hawezi tena kusema. Alikaa hivyo siku tisa. Anjela alimshika mkono siku zote tisa, na mdomo ule haukufunguka.

Nilikwenda msibani. Jirani mmoja alikuwa ameshamweleza Anjela habari ya bakuli. Anjela alinijia mbele ya wanawake wote.

"Ni kweli mama alikuja?"

"Ni kweli."

"Na ulikuwa unajua alichokuja nacho?"

"Nilijua."

Hakupiga kelele. Alirudi akaketi mahali pake, na mimi nikaondoka.

Nilikwenda kwa Mchungaji Kiongozi nikamweleza yote. Alinisikiliza, akafuta miwani yake. "Ulifuata utaratibu," akasema. "Usijilaumu." Nilimheshimu mno mtu yule, lakini siku hiyo nilitamani anitukane.

Walinihamishia Saadani, kwenye kanisa dogo la watumishi wa hifadhi na wake zao. Nilifanya kazi huko hadi kustaafu. Fomu ya ukoo niliendelea kuijaza, ila niliongeza swali kwa mkono wangu pembeni: aliyesema neno hilo yu hai? Kama yu hai, nilifunga safari mwenyewe kumfuata, awe Mkristo, awe Mwislamu, awe mganga. Wengine walinifukuza. Wengine walikuja, wakalia pamoja na watoto wao. Mratibu alilalamika kwamba hakuna tena shuhuda kutoka Saadani. Kweli hazikuwepo. Watu wakipatana hawana haja ya kipaza sauti.

Nilipostaafu nilirudi Bagamoyo, na kwa muda mrefu nilikwepa barabara ya Zinga. Mwaka huu nimekwenda. Anjela anaishi nyumba ya mama yake. Mume alikwishaondoka, mtoto hakuna. Alinikaribisha kitini, akaketi mbele yangu. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyoyaandaa miezi mingi, na mengi yakanipotea njiani.

"Nilikwisha kusamehe, Mama Mwinjilisti," akasema. "Na laana naamini haipo, mlinifundisha vizuri. Lakini nikwambie kitu, maana hukuniuliza siku zile. Unajua pale kwenye mkeka nilikuwa naomba nini?"

"Upate mtoto."

"La. Siku zote tatu nilikuwa namwomba Mungu ailainishe roho ya mama yangu, aje anitafute." Aliukunja upindo wa kanga yake, akaukunjua. "Basi alinijibu. Wewe ukamrudisha mlangoni."

Alisema bila hasira yoyote. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa.