Gereji ya Mama Mheshimiwa

Enzi zetu, asubuhi za Ruring'u zilikuwa na ukungu mzito, ukimsikia ng'ombe kabla hujamwona. Tulikwenda shule miguu mitupu kwenye umande, viazi vitamu vya moto vikitupasha mapaja mfukoni. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mbunge wetu alikuwa na gari jeusi tulilolifukuza hadi vumbi likatugeuza weupe. Watoto wa leo hawawezi kukimbiza gari, simu itaanguka.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mkewe, tuliyemwita Mama Mheshimiwa. Alizunguka nyumba kwa nyumba na akina mama wa kanisa, wakigawa sweta walizofuma wenyewe. Alipofika kwetu, mama alitupanga uani, nyuso zikimeta mafuta. Dada yangu Muthoni, ambaye polio ilimlemaza miguu, alifichwa jikoni, kama kawaida wageni wakija.

"Watoto ni hawa tu?" mgeni akauliza.

"Ni hao tu," mama akajibu.

Ndipo Muthoni, ambaye hakuzoea kukaa kimya, akaanza kuimba.

"Na huyo anayeimba?"

Mama aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Mama Mheshimiwa hakumlaumu. Aliingia jikoni na gauni lake zuri, akaketi kwenye kigoda katikati ya moshi, akaitikia wimbo mpaka ukaisha.

"Mwenzangu," akamwambia mama, "mtoto kama huyu hafichwi. Jumatatu mlete kwangu."

Jumatatu tulikuta ameondoa gari gerejini, ameweka madawati. Wakaja watoto wengine waliokuwa wamefichwa, mmoja akitoka mbali, Kagio.

"Sasa gari langu litalala wapi?" mheshimiwa alinung'unika.

"Nje. Gari halishikwi na homa," mkewe akamjibu, akaendelea kufuta ubao.

Muthoni alijifunza kusoma mle, kisha kushona, na mwishowe akawa mwalimu wa ushonaji. Jumapili, mama yuleyule aliyemficha jikoni alimkalisha benchi la mbele kanisani.

Siku hizi wake za wakubwa huja na vipaza sauti na fulana za kugawa; kabla hujawasalimu, wameshaondoka. Nyumba ile ya Mama Mheshimiwa iliuzwa, ikazungushiwa ukuta mrefu. Majuzi nilisimama nje yake na Muthoni, yeye akiegemea mikongojo. Mlinzi akachungulia, akauliza tunamtafuta nani.

Muthoni alitazama ng'ambo ya lango.

"Hayupo tena," akasema.