Reli ya Mkwe

Enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumwagika mjini, baba yangu alizichukia zote isipokuwa betri za redio. Alikuwa seremala, karakana yake ni uani kwetu Temeke, na maisha yake yote alifanya kazi na mbao nzima. Plaiwudi aliiita biskuti. Kwa hiyo siku alipoleta ubao mpana wa plaiwudi, uliobandikwa ngozi nyembamba ya mninga, mama na mimi tulitazamana.

"Wa kabati lako," aliniambia. "Huendi kwa watu na kabati la dukani wakati baba yako ni fundi."

Mbao nzima zilikuwa zimemshinda. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na nyumbani hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo. Tulimmiminia chai nusu kikombe, naye akajifanya siku hizi hapendi chai nyingi. Alitaka mambo mawili tu: kabati la bintiye alitengeneze mwenyewe, na wakwe wasijue habari ya mikono.

Mchumba wangu naye alikuwa seremala, wa Kinondoni, wale mafundi wapya wa makabati ya jikoni. Nilimweleza. Alinipa msumeno wake wa umeme pamoja na reli yake, ukanda wa alumini mrefu kuliko mlango, wenye mpira ukingoni. Unalaza reli juu ya ubao, msumeno unakaa juu ya reli, nawe unausukuma. Mkono hata ukitetemeka, msumeno hauna pa kukimbilia.

Shida ilikuwa nani atamwelekeza baba. Kwetu mchumba hapiti ovyo nyumbani kwa wakwe, sembuse kusimama mbele ya baba mkwe na kumfundisha kazi yake. Basi nilifundishwa mimi. Nilikata vipande kule Kinondoni mpaka pua ikajaa vumbi, kisha nikarudi nyumbani na somo lile, nilitoe bila kuonekana natoa somo. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, hiyo ilikuwa kazi kuliko kukata.

Asubuhi moja, mgao wa umeme ulipotuonea huruma, tulilaza ubao juu ya godoro kuukuu uani ili meno ya msumeno yakitokeza chini yasikutane na saruji. Baba alipima, akachora mstari, akalaza reli. Lakini hakuilaza juu ya mstari. Aliisogeza nje kidogo, unene wa penseli, kama alivyozoea: msumeno ukate, kisha randa imalizie. Mbao nzima zinakubali hivyo. Ngozi ile ya mninga ingechanika randa ikipita tu.

"Baba, mpira uguse mstari. Msumeno unakata palepale ukingo ulipo."

"Nani kasema?"

"Macho yangu."

"Macho yako yamesomea Kinondoni." Akawasha msumeno.

Nilikasirika. Nilikuwa nimebembeleza wiki nzima, nimenyamaza miezi, na sasa kabati langu lilikuwa linaharibika mbele yangu kwa ajili ya ubishi. Nikachomoa waya ukutani.

"Utairanda na mikono gani, Baba?"

Neno lilikuwa limetoka. Mama, aliyekuwa akichambua mchele barazani, aliacha kupeta. Baba aliitazama mikono yake muda mrefu kana kwamba ndiyo kwanza ameletewa. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akapiga magoti, akaisogeza reli kwa kiganja, taratibu, mpaka mpira ukalala juu ya mstari.

"Chomeka," akasema.

Nilichomeka. Akasukuma. Mkono wake ulitetemeka mwanzo hadi mwisho, na msumeno ukaenda kama haumjui. Ubao ulipoachana, aliinua kipande cha mlango, akapitisha kidole gumba ukingoni, akarudi nacho tena. Alikuwa akitafuta pa kuranda. Hapakuwa na pa kuranda.

"Sasa mie nifanye nini hapo?" aliuliza, na hakuwa akiniuliza mimi. Nilimwonea huruma kuliko siku zote za chai nusu kikombe.

Akakaa juu ya godoro, mikono ameiacha wazi magotini. Zamani angeificha.

"Mtu haazimi chombo kama hiki hivihivi," akasema. "Umemwambia."

"Nimemwambia, Baba. Nisamehe."

Mama akaanza kupeta tena, polepole.

"Mwambie mlango wa pili tutakata naye," Baba akasema.

"Atakuja vipi, Baba? Ataona haya."

"Na aone. Na mie nitaona haya." Akainua mikono, akaiacha itetemeke mbele ya uso wangu bila kuizuia. "Aje aione mwenyewe, ajue ni mikono gani inayomkabidhi mke."