Kifaa cha Kumaliza Ubishi

Fundi hakuufuata mchezo wa gofu. Mchezo ndio uliomfuata. Duka lake la cherehani limepakana na uzio wa uwanja, na miaka mingi iliyopita mpira ulivuka uzio, ukavunja kioo cha dirisha na kutulia ndani ya kapu la vipande vya vitambaa. Aliuchukua, akaenda nao klabuni kulalamika. Wakampa pole, wakampa kiti, halafu mtu mmoja akampa fimbo ajaribu kidogo. Mkewe anasema tangu siku ile hajarudi dukani kikamilifu.

Mwenzake wa kucheza ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu wa kuogelea ambaye hunukia dawa ya bwawa hata akivaa suti. Wote humwita Mwalimu, hata wasiojua kuogelea. Kila mwaka wawili hawa huingia mashindano ya jozi, ambayo sheria zake bila shaka zilitungwa na mtu asiyezipenda familia: jozi ina mpira mmoja tu, na wachezaji wanaupiga kwa kupokezana. Fundi na shemeji yake waliongeza kanuni yao wenyewe. Anayepiga hajisumbui na umbali. Mwenzake ndiye anayeukadiria kwa macho na kuutaja, mpigaji anachagua fimbo na kupiga tu.

Ilikuwa kanuni ya heshima, na iliwaharibia kila kitu. Fundi akitaja mia na hamsini, Mwalimu anapiga mpira mzuri, wa juu, ulionyooka, unaolipita lile busati la majani mafupi lenye shimo na kuzama majini. Mwalimu akitaja mia na arobaini, Fundi anapiga kwa ustadi uleule, na mpira unafia mchangani kabla ya kufika. Hapo kila mmoja anamshauri mwenzake akapimwe macho. Ushauri huo huendelea mpaka mezani, chakula cha mchana cha Jumamosi, nyumbani kwa Fundi.

"Meneja wa benki amekosa mtu wa kucheza naye," Mwalimu alisema siku moja, akijipakulia. "Ameniomba mimi. Mtu mtulivu, hana ubishi."

"Hana ubishi kwa sababu hajakaa na wewe," dada yake akamjibu.

Fundi alicheka na wengine, lakini kijiko chake kilisimama hewani. Yeye hana kaka. Kazini anashinda na mashine na madoli yasiyo na vichwa. Ubishi wa Jumamosi ndio mazungumzo marefu kuliko yote anayopata kwa wiki, na sasa yalikuwa yanahamia benki.

Kwa hiyo aliamua kununua kifaa cha kupima umbali, kile kinachozungumza na setilaiti. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mashine ikishasema, watabishana nini?

Dada muuzaji wa duka la vifaa vya michezo alianza na saa ya mkononi. Ilipima umbali, mapigo ya moyo na ubora wa usingizi, na ilimkumbusha mtu kusimama akikaa sana.

"Binti, mimi ni fundi cherehani. Ikinisimamisha, nani ataendesha mashine?"

Akaletewa darubini ya kulenga bendera inayosimikwa shimoni, ambayo ilitaka mkono usiotikisika.

"Mkono wangu hautikisiki. Tatizo ni shemeji yangu. Akibishiwa anatikisika mwili mzima."

Mwisho dada akatoa kitu kidogo cheusi cha kubana kwenye mkanda wa suruali. Kilikuwa na kitufe kimoja na namba tatu: umbali wa kufika mwanzo wa busati, katikati yake, na mwisho wake. Tarakimu zilikuwa kubwa kiasi cha kusomeka bila miwani.

"Hakifanyi kitu kingine?" Fundi akauliza kwa matumaini.

"Hakifanyi, baba. Nikuwekee yadi au mita?"

"Kwani kuna mtu anatumia mita?"

Dada, ambaye alikuwa amefundishwa kutobishana na wateja, akaweka yadi.

Jumamosi hiyo Mwalimu alitazama bendera, akatangaza: "Mia na thelathini na saba." Alijivunia sana ile saba. Fundi akafungua koti taratibu, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Kifaa kilisema mia na hamsini. Shimo lililofuata, hivyohivyo. La tatu, Fundi hakungoja hata kuulizwa. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari na kuongeza kwamba ipo miwani nzuri siku hizi, nyepesi, haikai vibaya puani.

Mwalimu akarudisha fimbo yake kwenye mfuko wa fimbo.

"Basi, shemeji, cheza na hicho kifaa," akasema. "Macho yake mazuri." Akaondoka kupitia geti la nyuma. Mchana hakuja kula. Jioni alimpigia dada yake simu, akamwambia ameshamkubalia meneja.

Fundi alikuwa ameshinda, na hakuwa na wa kumsimulia. Jumatatu alikiacha kifaa mezani dukani, kikaendelea kupima kimya kimya mpaka kwenye busati la karibu, ng'ambo ya uzio. Mkewe, aliyekuwa amekuja kumsaidia kushona vifungo, alikibonyeza akidhani anakizima, akakishikilia sana.

"Baba, duka limesogea," akasema.

"Nini?"

"Lilikuwa mia na kumi. Sasa ni mia na moja. Au uwanja ndio unatufuata?"

Fundi akavaa miwani, kama ile aliyokuwa akimshauri mwenzake anunue. Pembeni ya tarakimu palikuwa na herufi ndogo ambayo hakuwahi kuitazama, na sasa ilikuwa nyingine. Akakaa. Yeye amekata vitambaa kwa yadi tangu ujana. Shemeji yake amehesabu urefu wa bwawa lilelile maisha yake yote. Na katika miaka yote ile ya kugombana, hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake: mia na hamsini za nini?

Angeweza kunyamaza. Ushindi ulikuwa wake, tena wenye ushahidi wa setilaiti. Akafunga duka.

Bwawani Mwalimu alikuwa akiwafundisha wastaafu kuelea.

"Shemeji, bwawa hili lina urefu gani?"

"Hamsini," Mwalimu akajibu bila kugeuka.

"Hamsini nini?"

"Mita. Kwani kuna mtu anatumia kitu kingine?"

Fundi akainama ukingoni, viatu vikilowa, akamwonyesha kitufe. Akakishikilia, akaachia, akakishikilia tena. Mwalimu aliangalia namba zikienda na kurudi kwa muda mrefu kiasi kwamba mstaafu mmoja alielea mpaka upande wa pili peke yake.

"Kwa hiyo ile mipira iliyozama majini..."

"Uliipiga vizuri."

"Na wewe, ile ya mchangani."

"Vizuri tu."

"Kumbe tulikuwa hodari."

"Hodari sana," Fundi akasema. "Ndiyo maana tulikuwa tunashika mkia." Akatazama viatu vyake. "Na ile habari ya miwani, shemeji, nilivuka mpaka."

Mwalimu akajifuta mikono. "Meneja nitamwambia nina udhuru wa kifamilia."

Siku ya mashindano walikubaliana kwamba anayepiga ndiye anayechagua kipimo, yadi au mita, na mpaka nusu ya mchezo walikuwa wa pili, nafasi ambayo iliwatia wasiwasi. Kisha wakafika kwenye lile busati la karibu na duka. Kifaa kilitaja umbali, wote wakaafiki.

"Ila upepo unatujia usoni," Fundi akasema. "Chukua fimbo ya kupiga mbali zaidi."

"Upepo gani? Hakuna upepo."

"Angalia majani."

"Majani yale yanatikiswa na ndege."

Kifaa hakikuwa na maoni kuhusu upepo. Mwalimu akachukua fimbo ya mbali zaidi ili tu amwonyeshe. Mpira ukalipita busati, ukavuka uzio, na wote wawili wakasikia kioo.

Mke wa Fundi akatokea dirishani, mpira mkononi.

"Mia na kumi," akawaambia. "Au mia na moja. Ila chakula kitakuwa saa ileile, na mtakula wote wawili."

Walikuwa bado wanabishana kuhusu upepo.